Kilosa Yanyolewa, Nasi Tutie Maji

Wapo katika wanachama wetu, tena si haba, ambao wakiona karatasi hii imetaja mji wa Bara huigeuza haraka upande wa pili, watafute khabari za Unguja na Pemba. Husema: Kilosa ina nini nasi? Haina bahari wala bandari, haina karafuu wala mwani. Leo tunawaomba wasigeuze. Khabari ya baraza la Kilosa na mji wake wa Mikumi ni khabari yetu wenyewe iliyovaa nguo ya jirani, na wahenga walikwisha kutwambia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sababu ya kuisema ni hii. Kila unapokaribia uchaguzi hutujia watu wenye maneno laini, wengine wa chama kinachotawala na wengine, tunasikitika kusema, wa kwetu wenyewe, wakatwambia: "Urais uacheni, huo ni mkubwa. Chukueni mabaraza. Serikali za mitaa ndizo zilizo karibu na mwananchi, ndizo zenye soko na jaa na mtaro. Mkiyapata mabaraza mmeipata nchi kutoka chini." Maneno haya ni matamu, na nusu yake ni kweli. Sisi twauliza ile nusu nyengine: hayo mabaraza tunayoambiwa tuyachukue, ndani yake mmebakishwa nini?

Kilosa ni wilaya ya Mkoa wa Morogoro. Wazee wetu waliokwenda na misafara ya bara walilijua bonde la mto Mkondoa kabla Mjerumani hajaleta reli yake. Ndiyo njia waliyopita kwenda Mpwapwa na Tabora. Baadae yakaja mashamba ya mkonge, Kimamba, Rudewa, Msowero, na watu wakaletwa kutoka kila pembe kuja kuyakata majani yale yenye miba kwa ujira wa kijungumeko. Upande wa kusini iko Mikumi, mji wa barabarani, umekaa katika njia kuu iendayo Iringa mpaka Zambia, na ubavuni mwake iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230. Ukiteremka zaidi unakuta miwa ya Ruhembe, inayokwenda kusagwa katika viwanda vya sukari vya Kilombero. Na siku hizi reli mpya imeitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki, abiria wanapita humo tangu 2024.

Mtu akisikia hayo yote, mkonge, sukari, simba, reli mbili na barabara ya nchi jirani, atadhani baraza la Kilosa linalalia godoro la noti. Walakin haliko hivyo, wala halijawahi kuwa hivyo, na sababu yake si uvivu wa watu wa Kilosa.

Kwanza tukumbushane baraza ni kitu gani kwa sheria. Mwaka 1972 Serikali ya Bara ilizifuta serikali za mitaa zote kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri kweli! Mpango wenyewe ulitokana na ushauri wa kampuni ya Kimarekani, McKinsey, na madaraka yaliyopelekwa mikoani yalipelekwa mikononi mwa maofisa wa Serikali, mwananchi akabaki kupiga makofi. Miji ikajaa taka, zahanati zikakosa dawa, na 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarejeshwe. Zikaja Sheria Namba 7 na Namba 8 za 1982, moja ya wilaya na moja ya miji, na mabaraza yakaanza kazi tena 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, katika mazungumzo yaliyochapishwa, alisema kwamba lau angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Katiba ya Muungano nayo ikaongezwa ibara ya 145 na ya 146, na hiyo ya pili yasema waziwazi kwamba makusudio ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Basi hilo ndilo neno. Sasa tazameni kitendo.

Katika kila baraza la Bara pana mtu anaitwa mkurugenzi mtendaji. Yeye ndiye katibu wa baraza, ndiye mkuu wa watumishi wake wote, na hakuna hundi inayotoka bila ya ofisi yake. Madiwani wanakaa robo ya mwaka mara moja, wanasema, wanapiga kura, wanaamua choo cha soko kijengwe. Yeye ndiye ajengae au asiejenga. Jee, nani humuajiri mtu huyu? Si madiwani wa Kilosa. Humteua Rais. Na akiteuliwa usiku kwa tangazo la redio, asubuhi madiwani humkuta kitini kama mke aliyeozeshwa na mjomba. Wakigombana nae hawana la kufanya ila kuandika barua na kungoja.

Na mkurugenzi huyo huyo, kwa miaka mingi, ndiye aliyesimamia uchaguzi wa wabunge na madiwani katika wilaya yake. Mwezi Mei 2019 Mahkama Kuu ilisema jambo hilo linakwenda kinyume na Katiba. Haukupita mwaka, Oktoba ya 2019 Mahkama ya Rufani iliitengua hukumu ile. Sisi si mahakimu na hatutaki kuwafundisha mahakimu. Lakini twauliza kama waungwana: mtumishi aliyeteuliwa na mgombea mmoja, akahesabu kura za mgombea huyo na za wapinzani wake, mwananchi alale usingizi gani?

Pembeni ya mkurugenzi yuko mkuu wa wilaya, nae wa kuteuliwa na Rais, na juu yao mkuu wa mkoa, kadhalika. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu hawa uwezo wa kumuweka mtu ndani kwa saa 48. Diwani aliyechaguliwa na kata nzima anaweza kulala rumande kwa neno la mtu asiyechaguliwa hata na nyumba kumi. Hatuna la kuongeza hapo.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko baraza linakovuliwa kanzu mchana.

Zamani mabaraza ya Bara yalikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo ni ile kodi ya kichwa ya mkoloni iliyobadilishwa jina. Ilikuwa kodi mbaya. Migambo waliwakimbiza wazee vichakani, na ilipofutwa 2003 pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo wa kero, watu walishangilia, na sisi hatuililii. Lakini tazameni kilichofuata. Serikali kuu iliahidi kuyafidia mabaraza kwa ruzuku kutoka Hazina. Fidia ilikuja, ikapungua, na baraza ambalo jana lilikuwa na mfuko wake, ingawa mbovu, leo likawa limesimama mlangoni pa Hazina na bakuli. Mwenye kupewa hachagui. Ruzuku huja imekwisha kuandikwa la kufanya.

Mwaka 2017 Bunge likapunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima kupunguziwa mzigo ni jambo jema, nasi hatutamnyang'anya furaha yake. Lakini kwa wilaya ya kilimo kama Kilosa, ushuru huo ndio uti wa mgongo wa mapato yake yenyewe. Ukakatwa Dodoma, na hakuna kura ya baraza lolote la wilaya iliyohitajiwa. Mwenye kuutoa ukarimu alikuwa mwengine, na aliyelipa ukarimu ule alikuwa baraza.

Kisha ikaja kodi ya majengo, na hapa tunamuomba msomaji asome pole pole. Duniani kote, kama iko kodi iliyo haki ya mji, basi ni kodi ya nyumba. Nyumba haihami. Nyumba inataka mtaro mbele yake na njia ya kupita gari la taka, na mwenye nyumba akitoa kodi yake anajua mlango wa kwenda kuuliza. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi hiyo ulitolewa katika mabaraza ukapewa Mamlaka ya Mapato. Agosti 2021 ikafungwa katika umeme: nyumba ya kawaida ikawa inakatwa shilingi 1,000 kila mwezi wakati wa kununua umeme wa LUKU. Basi mtu wa Mikumi anunuapo umeme wa kuwasha taa ameshalipa kodi ya jengo, tena mara nyingi anaelipa ni mpangaji na jengo si lake! Mashine ya ukutani imekuwa mtoza kodi. Mvua ikinyesha, maji yakaingia ndani, mtu huyo anamwendea nani? Anamwendea diwani wake, ambaye mashine ile haijui hata jina lake.

Na hifadhi jee? Wageni wanaokuja Mikumi kuwaangalia tembo na simba hulipa langoni, na fedha ile ni ya Shirika la Hifadhi na ya Hazina. Barabara kuu imekatisha katikati ya hifadhi; dereva akimgonga mnyama hutozwa faini, na faini ile hairuki ukuta kuja barazani. Shirika hujenga darasa hapa na kisima pale kwa jina la ujirani mwema, na wenye kujengewa wanashukuru, kama inavyopasa. Lakini ujirani mwema ni hisani. Anaetoa kwa hisani huweza kuacha kwa hisani. Tembo akishuka usiku akala shamba zima la mahindi, mwenye shamba haambiwi kwamba ile nayo ilikuwa ujirani mwema.

Kilichobakia barazani ni ushuru wa soko, leseni, ushuru wa huduma ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya makampuni, na vijisenti vya magulio. Kwa hayo baraza litie dawa, lichonge njia, litengeneze mitaro ya mji ambao malori ya nchi tatu yanapita mchana na usiku.

Wataalamu watatwambia kwamba fedha nyingi zinateremka kutoka juu, mishahara ya waalimu na wauguzi, na miradi. Ni kweli. Na mtumwa pia alikuwa akilishwa.

Lakini fedha si jambo zito kuliko yote. Zito ni ardhi na maji, na Kilosa imeyaonja yote mawili kwa uchungu ambao hatumuombei adui.

Mashamba yale ya mkonge baada ya Azimio la Arusha la 1967 mengi yalitaifishwa, kisha yakauzwa tena kwa watu binafsi, na mengine yakaachwa yakageuka pori huku hati zake zikikaa katika makabati ya watu wa mbali. Pembeni mwa pori hilo lenye mwenyewe wako wanavijiji wasio na pa kulima, na wafugaji wanaotafuta malisho na maji. Wakulima na wafugaji wakabanwa katika ukanda mmoja. Tarehe 8 Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi huo uliuwa watu 38. Mauti mengine yakafuata 2008. Watu wengi waliandika kwamba hao ni makabila wasiopatana. Sisi tunasema kwamba watu waliogombania kitambaa kidogo walikuwa wamekaa pembeni mwa gora zima lililofungwa kabatini.

Baraza la Kilosa lingeweza kufanya nini? Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, afutae hati ya shamba lililotelekezwa ni Rais peke yake. Baraza lapeleka ilani, lapendekeza, lakumbusha, langoja. Katika miaka ya karibuni baadhi ya hati za Kilosa zimefutwa kweli, na tunampongeza kila aliyepata kipande. Lakini tangu kilio mpaka jibu ilipita umri wa mtoto kuzaliwa na kuoa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka huyu alikuwa ndani ya nyumba.

Na maji. Mwisho wa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 mto Mkondoa ulipasua tuta lake, ukaingia katika mji wa Kilosa. Maelfu ya watu wakatoka na nguo za mwilini, wakahamia katika mahema, na wengine wakayakalia mahema hayo muda mrefu kuliko hema linavyostahimili. Reli ya Kati ilikatika, ikakaa miezi haina safari baina ya Kilosa na Gulwe. Wakati ule ukitaka kujua nani mwenye dhamana, hesabu ilikuwa hivi: mto ulikuwa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami na Ruvu, reli ilikuwa ya kampuni mbili, moja ikimiliki njia na nyengine ikiendesha gari pamoja na washirika wa Kihindi, na maafa yalikuwa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Baraza la Kilosa lilikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni wale watu waliokuwamo ndani ya mahema. Januari 2014 maji yakarudi tena upande wa Magole, yakachukua daraja la Dumila na kuikata njia ya Morogoro na Dodoma. Madiwani wakasimama ukingoni mwa mto pamoja na watu wao, nao pia wakitazama.

Twajua atakaetwambia: "Hayo yametokea kwa kuwa Kilosa ni ya CCM. Tukishika sisi baraza, mambo yatageuka." Ndugu, tazameni Mikumi. Mwaka 2015 jimbo la Mikumi lilimchagua Joseph Haule, yule muimbaji ajulikanae kwa jina la Professor Jay, kwa tiketi ya CHADEMA. Kwa sheria mbunge ni mjumbe wa baraza la wilaya yake, kwa hivyo aliingia katika baraza la Kilosa, akakaa miaka mitano. Sauti alikuwa nayo, hilo nani atabisha! Lakini mkurugenzi hakuwa wake, Hazina haikuwa yake, hati za mashamba hazikuwa zake, na mwaka 2020 kiti chenyewe kikarudi kwa CCM. Tunaitaja Mikumi ili mtu asije akadhani kwamba kupata kiti ni kupata ufunguo.

Na miji ya pwani, iliyo jirani yetu zaidi, imeonja zaidi ya hayo. Tanga mwaka 2015 CUF ilitoka na madiwani wengi kuliko CCM, na meya akatangazwa wa CCM. Baraza likakaa miezi katika mabishano. Dar es Salaam vyama vya upinzani vilipata wingi mwaka huo huo, na uchaguzi wa meya ukaahirishwa na kuahirishwa mpaka Machi 2016, alipochaguliwa Isaya Mwita wa CHADEMA. Januari 2020 akaondolewa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa kwa amri ya Rais, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Si mara ya kwanza: baraza la Dar es Salaam lilivunjwa pia 1996, mji ukaendeshwa na tume ya kuteuliwa mpaka 2000. Kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukivunja kwa kalamu, hicho kilikuwa chenu lini?

Na huko chini kabisa, kwenye vijiji, mitaa na vitongoji, ambako ndiko mji mdogo kama Mikumi hupata wajumbe wake kwa sheria ya 1982, uchaguzi wa Novemba 2019 ulisimamiwa na waziri aliye chini ya Ofisi ya Rais. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu kwa makosa ya fomu, vyama vikajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 hesabu ilitoka takriban ile ile. Wananchi wa Kilosa wanaogombana juu ya maji, mipaka na malisho, ghafla siku ya kura wakawa wana moyo mmoja!

Sasa turudini nyumbani. Zanzibar serikali za mitaa si jambo la Muungano. Katiba yetu ya 1984 ina ibara yake ya 128, na tuna Sheria Namba 7 ya 2014, iliyozirithi sheria mbili za 1995. Kwa hivyo hapa hatuna wa kumlaumu ng'ambo. Tungeweza kutengeneza kitu bora kuliko cha Kilosa, na tumetengeneza kilicho chini yake. Mkurugenzi wa manispaa au baraza la mji kwetu pia ni wa kuteuliwa na Rais. Na mahali ambapo mwana Kilosa, kwa taabu na hila zote tulizozieleza, angalau kwa maandishi ana haki ya kumchagua mwenyekiti wa kitongoji chake, sisi tuna sheha.

Sheha hachaguliwi na mtu. Humteua mkuu wa mkoa, nae mkuu wa mkoa kateuliwa na Rais. Sheha ndiye aandikae barua ya kwamba wewe ni mkaazi. Bila ya barua yake hupati kitambulisho cha Mzanzibari, na bila ya kitambulisho jina lako haliingii katika daftari la wapiga kura. Wazee wa Wete, Chake na Mkoani wanaijua khabari hii bila ya kusomeshwa. Mwaka 2005 na tena 2010 Pemba yote iliwapeleka Barazani wawakilishi wa CUF, na mlangoni mwa kila mtaa alikaa sheha wa mkuu wa mkoa. Mtu alimpigia kura amtakae, kisha akaenda kuomba barua kwa asiyemtaka.

Na atakaesema kwamba udiwani ni mdogo mno kuogopwa na wakubwa, akumbuke tarehe 28 Oktoba 2015. Siku ile mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, hakufuta kura za Urais peke yake. Alizifuta na za wawakilishi, na za madiwani pia, za wadi kwa wadi, ambazo nyingi zilikwisha kutangazwa na washindi kupewa vyeti. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF ikiwa imekaa nje. Alhasili hata diwani wa jaa na mtaro hakusazwa.

Wakubwa wana hoja yao, nasi tutaitaja kwa haki. Wanasema madiwani ni wezi. Wakiachiwa mkurugenzi na fedha watazila. Hatusemi kwamba hawaibi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Bara kila mwaka hutoa ripoti ya mabaraza, na anaeisoma hushika kichwa. Lakini mkaguzi huyo huyo hutoa ripoti ya wizara na mashirika vile vile, na msomaji hana mkono wa tatu wa kushikia kichwa. Mbona hatujasikia wizara ikivunjwa na kupewa madiwani waiendeshe? Mabaraza yenye wizi mwingi yanaendeshwa na wakurugenzi wa kuteuliwa. Basi uteuzi huo umezuia nini?

Wanasema pia kwamba nchi itapasuka. Waende Mombasa, Lamu, Kwale na Kilifi, ndugu zetu wa pwani hiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47, zikaanza 2013. Gavana huchaguliwa kwa kura, katibu wa kaunti humtaja gavana na bunge la kaunti likamthibitisha, na Katiba imeandika kwamba kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wizi uko, na magavana kila mwaka hulia kwamba Nairobi inachelewesha fedha. Lakini hulia wakiwa na Katiba mkononi, wala si bakuli. Na gavana mbaya huondolewa na watu wake, kwa karatasi ya kura. Nchi haijapasuka.

Kwa hivyo chama chetu kisitosheke na kuhesabu viti. Tunataka sheha achaguliwe na watu wa shehia yake kwa kura ya siri. Tunataka mkurugenzi atangaziwe kazi, aajiriwe na baraza na aweze kuachishwa na baraza, na fungu la mabaraza liandikwe katika sheria kwa asilimia yake, lisiwe sadaka ya Ijumaa. Mgombea wetu wa udiwani asiyeweza kuyaeleza haya mbele ya wadi yake, tena bila ya kusoma kwenye karatasi, huyo anatafuta posho ya kikao, na tunawaomba wanachama wamuache nyumbani. Tumewaona wa namna hiyo. Huingia barazani na upinzani mdomoni, na baada ya semina mbili za hotelini huwa hawakumbuki hata rangi ya bendera.

Matawi yote, Unguja na Pemba, yanaombwa kufanya kazi moja kabla ya toleo lijalo. Kila tawi litoe watu wawili waende katika ofisi ya baraza lao wakaulize mambo matatu: soko lao limekusanya kiasi gani mwaka uliopita, kiasi gani kimebaki mjini na kiasi gani kimekwenda juu, na ni kikao gani cha madiwani kilichoamua matumizi yake. Wakipewa majibu, wayaandike. Wakinyimwa, waandike waliyejibiwa nae kwa cheo chake, siku na saa. Karatasi ziletwe kwa katibu wa jimbo, nasi tutazichapisha moja moja, baraza kwa baraza, tukianza na Mkoani.